Mvua ya Mawe, Sebule Moja, Watu Tisa na Pikipiki

Dodoma ukilalamikia mvua watu wanakuona una wazimu. Mvua hapa ni ya kuomba. Inaanza Desemba, ikifika Aprili imeshaaga, na ukijumlisha ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Sawa, nimeelewa. Lakini mgeni wa kuombwa akija na mawe mfukoni, tumkaribishe vipi?

Jumamosi ile ya Februari nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, fulana ya ndani na msuli, nasubiri mpira. Joto la kukaangia karanga. Mara likaja vumbi, si mnaujua upepo wetu, ule unaokuhamishia kiwanja cha jirani mpaka mdomoni na hati hupewi. Nikasikia ta! juu ya bati. Ta! Ta! Nikajua ni watoto wa Mama Siwema na mwembe wangu. Nikatoka kifua mbele kwenda kuwafokea, jiwe la mbinguni likanipata katikati ya upara. Nilirudi ndani bila kufoka.

Umeme ukakatika hapo hapo. Mpira kwaheri.

Halafu wakaanza kuingia. Kosa langu ni moja tu: mwaka jana niliezeka upya, na mtaa mzima unajua ni bati la nani halivuji. Mama Siwema akaja na watoto watano na sufuria ya maharage inayochemka, eti hawezi kuiacha uani. Mangi wa duka la kona akaja amejifunika boksi la sabuni kichwani. Mzee wetu mwenye shamba la zabibu kule Hombolo akaingia taratibu, "Mbukwenyi!", kama vile nilimwalika. Wa tisa ni kijana wa bodaboda ambaye mpaka leo simjui jina. Huyo aliingia na pikipiki. Juu ya zulia. Mke wangu, ambaye mimi hunivua viatu mlangoni, akamwambia, "Pole mwanangu, isogeze hapo karibu na kabati."

Akabandika chai. Sukari robo kilo, mnaisikia?

Neema wangu, kidato cha pili, akachomoa jiwe moja barazani akalipasua kwa kisu. Jamani, ndani lina pete pete kama kitunguu! Akatufundisha: upepo ndani ya wingu unalirusha tone juu kwenye baridi, linaganda, linashuka kidogo, linarushwa tena, kila safari linavaa koti jingine, mpaka likiwa zito upepo unalishindwa. Nikatamani kumuuliza kwa nini mwisho wa safari ni upara wangu. Watoto wa Mama Siwema hawakungoja somo liishe, walikuwa wameshajaza mdomo. Wa bodaboda naye akatia mawili kwenye chai, ipoe.

Aliyekuwa hacheki ni yule mzee. Zabibu za Februari ziko karibu kuvunwa, na jiwe halichagui kichala. Alishika kikombe, anatazama dirishani. Nikamwongezea chai, nikakaa karibu yake. Sikuwa na neno.

Nina mpwa wangu Chicago, kila Januari ananitumia video ya theluji. Inashuka kama pamba, kimya, watoto wanaviringisha, yeye na majirani wanachota kwa beleshi huku wanacheka. Kimya! Hiyo ndiyo inaniuma. Kwetu mawe juu ya bati ni kama mashine ya kukoboa, na kila mtu anazungumza kwa kupiga kelele. Umbea unaonong'onezwa siku zote, siku hiyo ulitangazwa. Mama Siwema alikuwa amemwinamia mke wangu sikioni, anapaza sauti kwa nguvu zake zote, na sisi wengine hatusikii kitu.

Sasa, mvua ya mawe haiagi. Inakata pwi, kama redio iliyoishiwa betri. Na ilikata yeye akiwa katikati ya sentensi:

"...NA BABA NEEMA ANADAIWA DUKANI ELFU KUMI NA NANE TANGU KRISMASI!"

Kimya. Hata maharage yaliacha kuchemka.

Mangi alikuwa kwenye kochi langu, kikombe changu mkononi, na ndani ya kikombe ni sukari yake mwenyewe, ya mkopo, ya asubuhi ile ile. Akanywa funda. Akaniangalia. "Kumi na tisa na mia tano," akasema.

Nilijifanya naenda kuangalia ndoo. Uani kweupe, kuku wanatembea kwa kunyanyua miguu juu juu kama wanakanyaga moto. Nikapiga picha nikamrushia mpwa. Amejibu: "Mjomba, mmemwaga friji?"

Pikipiki ilitoka saa moja usiku. Alama ya tairi bado iko kwenye zulia, na mke wangu anasema niliyeikanyagisha ni mimi.