Saratani ya matiti inayogunduliwa kwa kuchelewa: tupime kilomita au siku?

Chora ramani ya wanawake wanaogunduliwa na saratani ya matiti ikiwa imeshafika hatua ya 3 au ya 4, zile mbili za mwisho, utaona rangi haikuenea sawa. Kuna sehemu ambako mgonjwa anafika kwa daktari uvimbe umeshashika ngozi, tezi za kwapani zimekuwa ngumu, na chuchu imeingia ndani. Sehemu ya jirani, uvimbe wa aina hiyo unaonekana kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kabla mkono wa mtu haujaugusa. Ubishi unaanza pale tunapouliza ramani hiyo inasema nini.

Kundi moja linasema tatizo ni umbali, kwa hiyo mashine zisogezwe. Hoja hiyo ina uzito. Mamogramu hupigwa mtu asiyeumwa popote, na ni wachache watakaoacha kazi kutwa nzima na kulipa nauli wakachunguzwe kitu wasichokihisi. Umbali unauma hata baadaye: tiba ya mionzi huenda siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Anayejua hawezi kumudu safari hizo anaweza kuahirisha hata ile hatua ya kwanza, na mimi siwezi kumlaumu.

Kundi la pili linajibu kwamba ramani ya kuchelewa ni ramani ya umaskini, imebadilishwa jina tu. Mfano wao mzuri ni Chicago. Mji ule umejaa hospitali kubwa, lakini wanawake weusi walikuwa wakifa kwa saratani ya matiti kwa kiwango cha juu sana kuliko weupe, hadi mwaka 2007 kikaundwa kikosi maalumu cha kulishughulikia jambo hilo. Pale huwezi kusingizia kilomita. Maswali yaliyoibuka yalihusu bima, ubora wa picha zenyewe, na ujuzi wa anayezisoma.

Kwangu mimi makundi yote mawili yanaruka kitu kilicho katikati, yaani siku. Mwanamke anaoga, vidole vinagusa kitu kigumu kama kokoto chini ya ngozi. Hakiumi, basi anasubiri. Anapokwenda zahanati anapewa dawa ya kuua vijidudu na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Anarudi, anaandikiwa rufaa. Kisha ultrasaundi, kisha kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya kupimwa, kisha kile kipande kinakaa kwenye kichupa cha fomalini kikisubiri mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa darubini, ambaye pengine ni mmoja kwa mamilioni ya watu. Gari la mamogramu likipita kijijini kwake wiki hiyo halimsaidii kitu, maana uvimbe ameshauona mwenyewe.

Ndiyo maana naona Shirika la Afya Duniani lilipatia katika malengo ya mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021: uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mhudumu, zaidi ya asilimia 60 ya saratani vamizi (zilizoanza kupenya tishu za jirani) zigunduliwe zikiwa hatua ya 1 au ya 2, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Pengo lenyewe linatisha. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa na ugonjwa huu maishani na 1 kati ya 71 hufa kwa huo. Katika nchi za chini kabisa wanaogunduliwa ni 1 kati ya 27, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48.

Hata hivyo, asilimia za hatua zisomwe kwa uangalifu. Eneo linalopima watu wengi huokota vivimbe vidogo vingi, vikiwemo ambavyo visingemdhuru mtu, na asilimia ya waliochelewa inashuka hata kama idadi yao haijapungua. Uchambuzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika miongo mitatu saratani za hatua za mwanzo zilipanda kutoka 112 hadi 234 kwa kila wanawake 100,000, ilhali zile za hatua za mwisho zilishuka kutoka 102 hadi 94 tu. Makadirio yake yamepingwa na wengi, lakini onyo linabaki.

Nako kumwachia mwanamke mzigo peke yake hakutoshi. Shanghai, wanawake zaidi ya 260,000 waligawanywa, nusu wakafundishwa kujipima matiti, vifo havikupungua. Mumbai walifanya vingine: wahudumu wa afya waliofunzwa waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Saratani zikaanza kugunduliwa mapema zaidi, na kwa waliofika miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa jumla ya umri wote tofauti ya vifo haikuwa ya uhakika, lakini hapakuhitajika mashine hata moja ya mamogramu.

Kwa hiyo kabla ya kununua gari jingine, ningetaka ramani hiyo iongezewe tarehe mbili kwa kila mgonjwa: siku aliyomweleza mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza, na siku aliyoanza tiba. Bila hizo, hatujui kama wekundu wa eneo fulani unatokana na barabara mbovu au na majibu yaliyolala kabatini.