Uzinduzi wa Mradi wa Maji Uani Kwangu

Wadau, ile klipu anayoisambaza mshikaji wangu, yenye maandishi "Mheshimiwa azindua mradi wa maji Tabata", mheshimiwa mwenyewe ndiyo mimi. Naomba nisahihishe machache kabla haijafika kwa wakwe. Kwanza, sikuwa nalia. Yale ni maji. Pili, bukta haikuchanika, ililoa tu. Haya, ilichanika, lakini kidogo.

Koki ya nje ilikuwa inadondosha. Mke wangu kasema ita fundi, nikamjibu koki ikivuja mdomoni ugonjwa wake ni washa tu, kampira ka shilingi mia tano, fundi wa nini? Na hapo nilikuwa sahihi, muweke kumbukumbu. Nikaenda kwenye mita, nikafunga. Nikafungulia koki, maji yakaendelea kutoka. Nikasema haya ni mabaki ya kwenye bomba.

Mabaki! Jamani, mgao ulikuwa haujatufikia tangu juzi yake. Maji yale yalikuwa yanashuka kutoka tenki la lita 1,000 juu ya mnara, limejaa pomoni. Kulifungia mita ni sawa na kufunga geti wakati mwizi yuko chumbani.

Nikashika spana malaya. Robo mzunguko. Nusu. Kichwa cha koki kikaanza kulia tiii, tone likanipiga jichoni. Mwenye akili zake angeishia hapo. Nikaongeza robo. Nikakiona kinatikisika kwenye uzi wake, kimeinuka kidogo, kimeegemea upande... halafu sikukiona tena. Kilipita karibu na sikio, nikasikia ngwaa! kwenye bati la jirani.

Sasa, bomba letu limesimama katikati ya ua, uso kwa uso na dirisha la sebule, na nyuma ya dirisha kuna runinga ambayo bado nadaiwa. Nikaziba kwa kidole gumba, maji yakatawanyika yote usoni kwangu. Nikaziba kwa kiganja, yakapanda na mkono hadi kwapani. Nikiachia nikimbilie tenki, sebule inaoga. Kilichobaki ni kuyakinga yaelekee getini na kupiga yowe.

Wakaja. Na ndoo.

Mama wa vitumbua ndiye aliyetangulia. "Pole baba," huku anatega. Nikamwambia, "Mama, koki ya tenki, iko juu mnarani, nifungieni!" "Ngoja hii ijae, baba. Tangu juzi hatujafua."

Kijana mmoja wa bodaboda, Mungu ambariki, akapanda ngazi ya mnara. Akaishika koki. Akaita, "Anko, nifunge?"

Ua mzima ukajibu: "Badooo!"

Na yeye akasubiri! Kakaa kule juu, miguu inaning'inia, mkono kwenye koki, anangoja amri ya wananchi wakati mwenye nyumba naogelea wima. Foleni imeshafika nje ya geti. Bibi mmoja ninayemheshimu sana akanisogelea na beseni lake: "Mjukuu wangu, hebu legeza kiganja kidogo, yaje upande huu." Nikampa shikamoo, nikalegeza.

Hebu pigeni hesabu. Lita 1,000 ni ndoo 50 za lita 20. Maji yametoka huko Mto Ruvu, yamefika kwangu, nimeyapandisha juu kwa pampu, kwa luku niliyonunua mwenyewe, leo yanatoka getini kwangu vichwani mwa watu na kila anayepita ananiambia Mungu akuzidishie. Akizidisha nini tena? Na mshikaji wangu, badala ya kushika hata dumu, alikuwa amepanda juu ya tofali anarekodi, ananiambia nitazame kamera.

Tenki lilipokauka, kijana akafunga.

Fundi kaja, kacheka, kaokota kichwa cha koki kwa jirani, kaweka washa, kaondoka na hela. Mke wangu hajasema kitu. Walio kwenye ndoa mnanielewa.

Hapa naandika, mtoto wa mama wa vitumbua kabisha hodi na madumu mawili. "Shikamoo anko. Mama anauliza, leo hutengenezi?"