Kabla ya Kuuliza Chama cha Mwenye Duka

Binti wa kaka yangu, anayesoma mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja nyumbani Jumamosi moja akiwa na daftari lenye orodha ya maduka ya nguo ya hapa mjini. Mbele ya kila duka alikuwa ameandika maelezo mafupi aliyoyaokota kwa watu: huyu alitoa gari wakati wa kampeni, yule alionekana kwenye mkutano wa chama fulani, mwingine hajulikani aliko. Alikuwa na fedha za kushonea gauni la harusi ya rafiki yake na hakutaka shilingi yake imnufaishe mtu anayeunga mkono mambo ambayo yeye anayapinga. "Baba mdogo," akaniuliza, "nikishayajua haya yote, si nitakuwa mnafiki nikinunua kwao?" Nililichukua swali lake kwa uzito, kwa sababu kijana anayefikiri fedha yake inakwenda wapi ni kijana anayestahili kujibiwa kwa hoja.

Wazo lenyewe lina wafuasi wengi nje ya nchi yetu. Nchini Marekani, mchango unaozidi dola 200 kwa mgombea wa ngazi ya shirikisho huandikwa pamoja na jina la mtoaji, kazi yake na mwajiri wake, na kumbukumbu hizo ziko wazi kwa yeyote. Ndiyo maana kuna programu za simu zinazomwonyesha mnunuzi ni chama gani kimepokea fedha za wakubwa wa kampuni anayotaka kununua kwake. Mwaka 2018, kampuni ya Nike ilipomweka katika tangazo lake Colin Kaepernick, mchezaji aliyepiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ukatili dhidi ya watu weusi, wapo waliochoma viatu vyao hadharani na wapo waliokwenda kununua vipya kwa sababu hiyohiyo.

Wanaosema kwamba nguo na siasa ni vitu viwili mbalimbali wamesahau historia ya nchi hii, na hasa ya mkoa huu wa Dodoma. Kitambaa cha pamba kilichoitwa amerikani kilipata jina lake kwa sababu kililetwa Zanzibar katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka Salem huko Massachusetts, kisha kikabebwa na misafara ya bara. Misafara hiyo ilipofika Ugogo, yaani eneo hili letu, nchi yenye maji machache, ilibidi iwalipe watemi hongo ili ipite na kuchota maji, na malipo hayo yalikuwa kwa sehemu kubwa ni vitambaa. Neno hongo, ambalo leo tunalitumia kwa rushwa, lilikuwa ushuru halali uliopimwa kwa mikono ya nguo. Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza kujitegemea, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa msaada wa China kilikuwa sehemu ya jibu la swali lilelile la binti yetu: mtu anayevaa nguo hii anamjenga nani? Wahindi walikuwa wamekwisha kuliuliza kabla yetu, pale Gandhi alipoongoza uchomaji wa nguo za kigeni mjini Bombay mwaka 1921.

Hoja iliyo nzito zaidi kwa upande huo, kwa maoni yangu, ni ya Rana Plaza. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo hilo lenye karakana za nguo, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, siku moja tu baada ya nyufa kuonekana ukutani, wafanyakazi wakiwa wamelazimishwa kurudi kazini. Kelele za wanunuzi wa Ulaya na kwingineko, zikiungana na za vyama vya wafanyakazi, zilichangia kampuni nyingi kusaini mwezi uliofuata mkataba wenye nguvu ya kisheria wa ukaguzi wa majengo na usalama wa moto. Kwa hiyo si kweli kwamba mnunuzi hana sauti.

Hata hivyo, daftari la binti yetu halikuuliza habari za nyufa za ukuta. Liliuliza chama. Hapo ndipo ninapopata hofu, na hofu yangu ina mfano wa karibu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, huko Pemba na Unguja wafuasi wa CCM na wa CUF walifikia kususiana maduka, vyombo vya usafiri, hata maziko. Mtu alipita mlango wa jirani yake akaenda kununua kiberiti mbali kwa sababu ya rangi ya bendera. Ilichukua miaka mingi ya mazungumzo, hadi maridhiano ya Rais Amani Karume wa Zanzibar na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, mwaka 2009, ndipo hali ikalegea. Bara nako tuna kumbukumbu yetu: Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa, iliwaacha wanakijiji wengi bila mahali pa kununua sabuni na khanga. Duka lilichaguliwa kwa msimamo, na aliyeumia ni mteja.

Kuna pia suala la ushahidi. Tulipolisoma lile daftari mstari kwa mstari, karibu kila maelezo yalianza na "nimesikia". Hapa mwenye duka anaweza kuvaa fulana ya chama kwa sababu anakiamini, au kwa sababu amepewa bure, au kwa sababu anaogopa kuonekana hana. Kumhukumu kwa fulana hiyo ni kumwonea. Isitoshe, maduka mawili yanayotazamana, mmoja wa wenye maduka akiwa wa chama hiki na mwingine wa kile, mara nyingi yamefuata mzigo Kariakoo kwa jumla, nao umetoka Guangzhou, China. Anayehama kutoka duka moja kwenda jingine amebadilisha mkono wa mwisho tu.

Swali gumu kuliko la chama ni la mitumba, na hapa watu wenye nia njema wanagawanyika kweli. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuachana na nguo za mitumba ili viwanda vya ndani vipate soko. Chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo hizo kililalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kunyang'anywa nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Ninaamini tulipoteza kitu kikubwa, kwa sababu nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga na kuisafirisha kwa sehemu kubwa ikiwa ghafi, kisha ikanunua mashati yaliyokwisha kuvaliwa, haijajitegemea.

Lakini siwezi kumwita msaliti mama wa soko la Sabasaba ninayemfahamu, ambaye hufungua belo alfajiri bila kujua ndani kuna nini, akachambua shati moja moja, akalipeleka kola kwenye mwanga kutafuta lilipochakaa. Wateja wake ni bodaboda, wanafunzi, na pia watumishi wanaoshuka kutoka Mji wa Serikali ulioko Mtumba. Shati la shilingi 4,000 humwachia baba fedha ya daftari za watoto. Anayetetea haki ya maskini kuvaa vizuri naye ana msimamo wa kisiasa, na si mdogo kuliko wa anayetetea kiwanda.

Ndiyo maana nilimshauri binti yetu aache safu ya chama na aanze kuuliza kitambaa kimetoka wapi na nani amelipwa nini. Si rahisi. Tulipokwenda naye Majengo, muuzaji alitufungulia vitenge, nasi tukasoma maandishi ya ukingoni: kimoja kilijitangaza kwa Kiingereza kuwa waksi halisi ya Uholanzi, ilhali karatasi iliyobandikwa kwenye mkunjo ilisema kimetengenezwa China. Kilichochapwa nchini kilikuwepo, chini kabisa ya rundo, rangi zake zikiwa tulivu zaidi na bei ikizidi kwa shilingi elfu chache. Tena kuandikwa "Tanzania" hakuthibitishi kwamba mfanyakazi wa kiwandani amelipwa vyema. Hilo linabaki kazi ya vyama vya wafanyakazi na wakaguzi wa serikali, wala mnunuzi asijidanganye kwamba amelimaliza dukani.

Alinunua kile cha chini. Tukakipeleka kwa fundi wa Chang'ombe, mwanamke anayeshona barazani na wasichana wawili. Alipomaliza kupima mabega, binti yetu akamuuliza kwa adabu kila msichana anapata kiasi gani kwa gauni moja. Fundi akaweka chaki chini, akafikiri, akasema kwamba kati ya shilingi 30,000 anazotoza, anayeshona hupata 10,000, na kazi ya kola ikiwa ngumu anaongeza. Msichana aliyekuwa kwenye cherehani aliinua uso, akaitikia kwa kichwa. Binti yetu aliandika tarakimu hizo kwenye daftari lake, na bei hakuomba ipunguzwe.