Kila Kitu Kimebaki, Isipokuwa Nyimbo za Mama Mdogo

Baba mdogo ni katibu wa kamati za harusi mtaani kwetu Tanga, na laptopu yake imebeba siri za watu: nani aliahidi laki akatoa elfu ishirini, nani alisema "nitatuma jioni" na jioni hiyo haijafika. Aliponiita nimpigie Windows upya, sharti lake lilikuwa moja. "Mwanangu, kisipotee kitu. Hata picha yangu ya Maka ibaki palepale mbele."

Kilichomsumbua ni kijidirisha kilichokuwa kikichomoza chini pembeni kila akiingia mtandaoni: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI, BOFYA HAPA! Fundi mmoja alishamwambia dawa ni kufuta kila kitu. Baba mdogo alikwapua laptopu yake akaondoka bila kuaga.

Nikamwambia ipo njia. Windows 10 inakubali kusimikwa juu ya ileile. Unaanzisha usimikaji ukiwa umo ndani ya Windows yenyewe, inakuuliza ubakize nini, unachagua mafaili pamoja na programu. Ukiiwasha mashine kwa flashi tangu mwanzo, chaguo hilo hulipati. Baba mdogo hakusikia lolote baada ya "ipo njia".

"Tunahitaji flashi ya GB 8 au zaidi," nikasema. Akaenda sebuleni, akarudi na moja ya GB 16.

"Ina kitu?"

"Haina. Ilikuwa imechomekwa tu kwenye sabufa."

Mtu mwenye akili angejiuliza flashi tupu inafanya nini kwenye sabufa. Programu ya Microsoft ya kuandaa flashi nayo ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutwa. Baba mdogo akaunyosha mkono wake juu ya bega langu, akabofya sawa.

Kazi ikaanza. Mashine inazima, inawaka, asilimia zinapanda kwa madaha. Ilipofika 61 ikaganda, na luku nayo ikaanza kulia. Betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo umeme ukikatika na sisi tumekatika. Mtoto akatimuliwa dukani kununua yuniti, baba mdogo akashika tasbihi.

Ikawaka. Picha ya Maka ipo. Daftari la michango lipo, wadaiwa wote wapo, mpaka maandishi makubwa aliyoyapanga kwa ajili ya macho yake. Akanikumbatia. Akaingia mtandaoni kumpa habari mwenyekiti wa kamati.

KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI, BOFYA HAPA!

Kumbe si kirusi. Ni tovuti fulani aliyoiruhusu mwenyewe kumtumia arifa, na ruhusa hiyo inakaa kwenye mipangilio ya kivinjari. Tuliagiza mipangilio yote ibaki, basi na yenyewe ikabaki kwa heshima zote. Kuizima hakukuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Hapo ndipo sauti ya mama mdogo ikatoka sebuleni. "Nani kachukua flashi yangu ya kichen pati?"

Baba mdogo akakumbuka ana kikao. Mtoto wao mkubwa akafika, akasikiliza kesi, kisha akasema mbele ya mama yake, "Kwani si mngepakua lile faili la ISO, lenye Windows nzima ndani yake, mkalibofya mara mbili? Flashi ya nini?" Yapo maneno ya kweli yasiyo na saa yake.

Ila ndiye aliyeipitisha flashi kwenye programu ya kufufua mafaili. Taarabu nyingi zikarudi, lakini bila majina, kila moja namba tu. Programu hizo hazichagui: hufufua hata vilivyofutwa zamani.

Jumamosi nikawekwa nyuma ya pazia nisimamie sabufa. Bibi harusi anaingia, vigelegele juu, nikabonyeza namba. Ikatoka sauti ya baba mdogo, nzito, ya kikao cha mwezi uliopita: "Sasa tuje kwa wanaotuangusha. Mama Zuhura, aliahidi elfu hamsini, hajatoa hata mia. Mama Rehema, vivyo hivyo. Somo wa bibi harusi, huyu ndiye balaa..."

Nilitafuta pa kuzimia nikapakosa. Walicheka wasiotajwa. Waliotajwa wakatoa simu zao, na kabla pilau haijapakuliwa, baba mdogo, huko alikojificha, alikuwa anaingiza michango mpaka akapiga simu kuuliza kumetokea nini.