Mfupa umetibiwa, dawa ya mifupa je?
Hii habari kwamba wazee wa Marekani wanaohudumiwa nyumbani wengi hawapewi dawa ya mifupa, yaani ya kuimarisha mifupa isivunjike ovyo, ni kweli tupu, mi ndo kazi yangu huku Texas. Kuna bibi alivunjika nyonga, fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaja, nesi wa kidonda akaja, presha inapimwa weee, ila dawa ya mifupa hakuna aliyeandika mpaka binti yake alipowasha moto. Sasa anameza alendronate 70 mg kila Jumatatu, na hapo ndo kasheshe, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, halafu nusu saa asilale wala asinywe kingine, na yeye anadai kahawa yake😅. Nesi akiingia siku ya kwanza tu amuulize daktari, huyu mbona hana dawa?