Bahasha imekwenda, siri imehamia steshenari

Kabatini kwangu kuna bahasha ya kaki ambayo haijawahi kufunguliwa. Ndani yake ni zabuni ya meza na viti, halisi na nakala zake, kila ukurasa una sahihi na muhuri. Niliifikisha kwenye halmashauri moja (nisiitaje) dakika tano kabla ya muda. Mlinzi akataka niandike jina kitabuni. Kalamu hana. Mpaka ilipopatikana, sanduku la zabuni lilishafungwa.

Kwa hiyo NeST, mfumo wa serikali ya Tanzania wa zabuni za mtandaoni, ilipoanza mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mimi sikununa kama wenzangu. Saa ya mfumo haina shemeji, wala haiulizi umetoka wapi. Tangazo nalionea nyumbani, bei naijaza usiku watoto wakiwa wamelala. Kwa hilo PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, nawapa maua yao.

Kinachonikera ni kingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeuingiza kwenye NeST ununuzi wa serikali hadi ngazi ya chini kabisa, mpaka saruji ya shule ya msingi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku kwetu anajua bei ya nondo kuliko mtu yeyote, lakini kompyuta hana. Anakwenda steshenari. Kijana wa pale ana daftari la kaunta lenye paswedi za mafundi na wenye maduka karibu wote wa mjini, na vikundi vya akina mama vinavyowinda ile asilimia 30 ya ununuzi iliyotengewa makundi maalumu navyo vimo. Zabuni ikitangazwa, anawajazia watatu wanaoshindana, mmoja baada ya mwingine, kwenye kompyuta ileile.

Sisemi anauza siri. Ni kijana mwema, na bila yeye wengi wangekuwa nje ya mchezo. Ila zamani bahasha ilipigwa lakiri ili bei isijulikane kabla ya ufunguzi. Leo inajulikana hata kabla ya kutumwa. Halmashauri ziweke kompyuta mbili na afisa TEHAMA mmoja wa kumwelekeza mzabuni ajaze mwenyewe. Gharama yake haifiki posho za semina moja.

Juzi nilikuwa pale nikichapisha ankara. Kijana akageuka, akapaza sauti juu ya mlio wa mashine: "Fundi, ile ya darasa tuweke ngapi?" Fundi akataja. Kwenye benchi, mpinzani wake alikuwa akisubiri zamu.