Nimekesha na Episodi Kumi na Mbili, Zikaishia Kwenye Geti la Adui, Sasa Naambiwa Nikasome Kitabu

Aisee wakuu mi nimechoka. Sijachoka na kazi, kazi tumeshaizoea, nimechoka na Wajapani. Yaani mtu unanunua bando la usiku lile la bei ya huruma, unasubiri saa sita, mke kalala, mtoto kalala, unavaa hedifoni upande mmoja maana wa pili ulishakufa, unaanza katuni mpya ya Kijapani, anime, ambayo kila mtu anaisifia, unaipenda, unawajua mpaka mashangazi wa mhusika, halafu episodi ya kumi na mbili jamaa wamefika kwenye geti la mfalme wa mashetani, panga liko mkononi, nywele zinapepea, muziki umepanda, pap, majina ya wachoraji yanapita. Imeisha hiyo. Sizoni ya pili? Tutaona. Hii ni daladala kukatisha ruti kabisa, nauli umelipa mpaka Mbagala, konda anakushusha Mtoni Mtongani anakwambia gari inageuza, na huna hata wa kugombana naye maana konda mwenyewe yuko Tokyo.

Nikaulizia kwa wanaojua, wakanipa sababu. Kule Japani televisheni zinagawa mwaka vipande vinne, Januari, Aprili, Julai, Oktoba, kila kipande miezi mitatu, wiki moja episodi moja, ndo unapata hizo kumi na mbili, kumi na tatu wakikupenda. Na hela ya kutengeneza mara nyingi si ya studio, ni ya kamati. Yumo mchapishaji wa kitabu hadithi ilikotoka, yumo mwenye kampuni ya muziki, yumo muuza midoli, yumo mwenye televisheni, kila mtu katia chake. Sasa mchapishaji hajatia hela yake ili mimi Baba Nasra nilale na amani, katia ili kitabu kitoke dukani. Kumbe muda wote nakodoa macho nilikuwa naangalia tangazo. Tangazo la karibu saa tano!

Kitabu chenyewe ndo hizi ranobe, vile vitabu vidogo vya kuingia mfukoni, ndani vina picha chache za katuni, makampuni kama Kadokawa yanatoa lundo kila mwezi. Sawa, nitasoma, mi si mvivu. Nitaipata wapi? Nilishaingia duka moja la vitabu mjini nikamuuliza dada wa pale, samahani dada, mna ranobe? Akaniangalia. Nikamwambia ni riwaya za Kijapani, zina picha picha za katuni ndani. Akasema ahaa, akaenda nyuma, akarudi na kitabu cha chekechea cha kupaka rangi, na penseli za rangi juu yake bure. "Mtoto ana miaka mingapi?" Nikasema mitano. Sasa ningesema nini, na nyuma yangu kuna foleni? Nikalipa. Nasra kafurahi sana, mi mpaka leo sijui kama lile geti lilifunguka. Ziko za kununua mtandaoni kwa Kiingereza, zinataka kadi ya benki, na tafsiri nayo iko nyuma ya Kijapani, kwa hiyo unalipa hela yako nzuri ili uachwe njiani mara ya pili.

Nikupe mfano unaoniuma zaidi. No Game No Life. Aprili 2014, studio Madhouse, episodi 12. Kaka na dada hawajawahi kushindwa gemu, wanapelekwa dunia ambayo kila ugomvi unamalizwa kwa gemu, hakuna vita, hakuna kuuana, hata mipaka ya nchi mnaichezea. Wazo tamu kuliko hilo sijaliona. Mwishoni wanajipanga kwenda kumvaa mungu. Tukangoja. 2017 tukasikia inarudi, tukapiga kelele mtaa mzima, kumbe ni filamu ya mambo ya miaka elfu sita nyuma. Mi nimeuliza ya kesho we unanijibu ya mababu. 2014 mi nilikuwa sijaoa jamani, sasa hivi nina mtoto anapaka rangi!

Halafu sikiliza hii. 2023 ikatoka anime ya jamaa anayependa zile mashine za kuuzia soda, mashine ikaanguka kutoka kwenye gari, akakimbia kwenda kuidaka, ikamponda, akafa. Kuzinduka yuko dunia nyingine na yeye ndo mashine. Hana mikono, hana miguu, hawezi kuongea isipokuwa yale maneno ya mashine tu, karibu, asante, bahati mbaya, tumbukiza sarafu. Kuna binti anaitwa Lammis ana nguvu za ajabu, anambeba mgongoni, wanaingia mapangoni kupigana na madude. Na hiyo, wakuu, mashine ya soda, imepata sizoni ya pili Julai 2025. Mabingwa wa gemu wanasota tangu 2014. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ile mashine ni nzuri bana, nimeiangalia yote na kuna sehemu nilimwonea huruma.

Jina lake sasa, ukiliweka kwa Kiswahili ni kama "Nimezaliwa Upya Nikiwa Mashine ya Kuuzia Vitu, Sasa Nazurura Pangoni". Ni jina hilo au ni barua ya kuomba ruhusa? Ila sababu ipo. Ranobe nyingi za namna hii zilianzia kwenye tovuti inaitwa Shosetsuka ni Naro, ipo tangu 2004, mtu yeyote anaandika anaweka bure, hadithi hazihesabiki, msomaji anapita na kidole tu, asipoelewa kitu kwenye jina haingii, ndo mwandishi anaamua kumwaga mboga na ugali wote kwenye jina. Nawaelewa. Lakini jaribu kumwambia mtu kijiweni unaangalia nini siku hizi, mpaka umalize jina kahawa imepoa na mwenzio kahamia upande wa bao.

Na vifo vyenyewe vya kwenda huko dunia nyingine ni vya ajabu ajabu. Yule wa anime ya Mushoku Tensei ana miaka 34, hatoki ndani, siku katoka kagongwa na lori. Kazuma wa KonoSuba yeye alidhani ni lori, kumbe trekta linajikokota, akafa kwa mshtuko, na mungu wa kike anayempokea huko anacheka mpaka anashika tumbo. Hapo angalau wanajicheka wenyewe. Ila kwa malori ya mchanga tuliyonayo sisi huku, ingekuwa kweli yanapeleka watu kwenye dhahabu na vimwana wenye masikio ya paka, Kilwa Road nzima ingeshahamia huko na kodi ya nyumba ingeshuka.

Haya, episodi ya kuoga. Sijui ni sheria ya bunge lao ama vipi, maana hata anime iwe ya vita vikubwa kiasi gani, ikifika katikati lazima wasichana waende chemchemi ya maji moto. Adui kasubirishwa nje, hadithi imesimama, watu wanaoga. Na hiyo episodi ina karama, inajua mama mkwe anakuja lini. Wiki nzima naangalia watu wanakatana mapanga hakuna anayenijali, siku mama mkwe katoka Tanga, anafungua mlango wa sebuleni, kioo kizima mvuke, kina dada wanapimana vifua.

"Shikamoo mama."

Kimya kidogo. "Marahaba." Akakaa. Akaangalia. "Baba Nasra, hizi ndo katuni za mtoto?"

Nikamwambia hapana mama, huyo hapo ni mchawi, ana miaka elfu moja. Akafungua mkoba akatoa tasbihi.

Sasa wako wanaosema anime za siku hizi ni kupigana tu hakuna akili. Hao hawajakutana na ile ya uteute, Slime, sizoni ya tatu, 2024. Jamaa wa miaka 37 mfanyakazi wa kampuni ya ujenzi, kachomwa kisu, kazaliwa upya akiwa tone la uteute la bluu, leo ni mtawala wa taifa zima. Basi sizoni ya tatu wanafanya vikao. Vikao wakuu! Mjumbe anasimama anatoa taarifa, mwingine anachangia, wa tatu anaunga mkono hoja, wiki inayofuata kikao kinaendelea. Mi kazini Jumatatu nina kikao, nimetoroka vikao vya watu nakuja kupumzisha kichwa nakuta kikao kingine, na hiki hakina hata posho.

Ingawa tuliokula chumvi tunajua hiyo cha mtoto. 2009, anime ya Haruhi, studio Kyoto Animation, walirusha episodi nane mfululizo za jambo lilelile. Vijana wamekwama kwenye wiki mbili za mwisho wa Agosti, zinajirudia. Na usidhani walibonyeza marudio, hapana, kila wiki walichora upya, nguo nyingine, sauti zimerekodiwa upya, halafu mambo yaleyale, bwawa la kuogelea, sherehe, fataki, kukamata nyenje. Ndani ya hadithi wameirudia mara 15,532. Sisi tulirudia nane tu lakini kuna watu walitoka humo na mvi.

One Punch Man, ile ya shujaa anayemaliza kila adui kwa ngumi moja, ndo sitaki hata kuizungumzia ila nitaizungumzia. 2015 Madhouse walitoa sizoni ya kwanza, ngumi moja unaisikia mpaka kwenye godoro. Ya pili 2019 ikahamia studio nyingine, tukasema sawa, tukavumilia. Ya tatu tumeingoja mpaka Oktoba 2025. Picha zimesimama wima, kinachocheza ni mdomo. Kuna mahali adui mmoja, Garou, anashuka mteremko, miguu haiendi, anateleza tu mzima mzima. Mi nilizima simu nikawasha, nikajua bando limegoma, kumbe ndo ilivyotengenezwa. Wachoraji siwagusi, wengi wao wanalipwa kwa picha na malipo yenyewe ya mawazo. Hapo iulizwe kamati.

Ndo maana Frieren ilinishika pabaya. Hii imeanzia kulekule wengine wanakokataa kufika. Mfalme wa mashetani kashapigwa, safari ya miaka 10 imeisha, mashujaa wanarudi mjini wanapigiwa makofi, ndo kwanza episodi ya kwanza. Frieren mwenyewe ni wale viumbe wa masikio marefu, kaishi zaidi ya miaka elfu, anawaaga wenzie kama anakwenda dukani, anarudi baada ya miaka 50, Himmel shujaa aliyekuwa anajiona mzuri wa sura kashakuwa babu, kipara kinang'aa, na muda si mrefu anakufa. Dada anasimama makaburini analia eti mbona sikumjua huyu mtu vizuri. Mi saa nane usiku nafuta machozi kwa shuka, mke kashtuka.

"Baba Nasra kuna msiba?"

"Himmel kafa."

"Himmel nani? Wa ofisini kwenu?"

Wengine wanasema inaboa, mtu miezi sita anatafuta ua moja. Na atafute, haraka ya nini, ana miaka elfu. Kilichonikera mimi ni ule mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, wakaingiza watu wapya kibao, kila mtu anataka kueleza uchawi wake, nikawa nawachanganya. Lakini episodi 28 kuanzia Septemba 2023 mpaka Machi 2024, wamepewa nafasi ya kupumua, na sizoni ya pili imeingia Januari 2026. Mbona inawezekana sasa?

Tatizo langu jipya ni Maomao wa anime ya The Apothecary Diaries. Huyu ni binti mtengeneza dawa, katekwa kauzwa utumishi kwenye jumba la mfalme, ana madoa ya usoni anajichora mwenyewe ili wanaume wasimsumbue, na mkono umefungwa bandeji kwa sababu anajaribia sumu mwilini mwake, anazipenda sumu huyo mtoto sijapata kuona. Nilikuwa naangalia zangu kimya, mke kapita na ndoo, kasikia watoto wa mfalme wanaugua na kufa, ikulu nzima inasema laana, Maomao anasema laana gani, ni hiyo poda nyeupe mnayojipaka, ina madini ya risasi. Ndoo ikatua. "Si niliwaambia kina Mama Zawadi pale saluni!" Akakaa. Hakuinuka.

Sasa simu yangu kioo kimepasuka chini kushoto, palepale yanapopita maandishi, nimeshazoea nusu nasoma nusu nabuni. Yeye hataki kubuni. Kila sentensi ananiuliza hapo wamesemaje, nikisema sijui ananiona nina siri. Kamaliza sizoni zote mbili, 24 na 24, akanigeukia, haya inaishaje? Nikamweleza, sizoni ya tatu imetangazwa, ila hadithi yenyewe ni ranobe ya mwandishi Natsu Hyuuga, bado inaendelea, na manga zake, yaani vitabu vya katuni, ziko mbili, hadithi ileile, wachoraji tofauti, wachapishaji tofauti, zote zinatoka. Akaniangalia vile anavyomwangalia fundi cherehani anayesema njoo kesho.

"Ipi kati ya hizo ina mwisho?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo miaka yote hii unakesha, unaamka macho mekundu, unaangalia vitu ambavyo wenyewe hawajamaliza?"

Nikasema ndiyo. Tangu hapo ikifika saa sita simu anashika yeye, mi naambiwa kalale una kazi kesho. Juzi nimepita koridoni namsikia anaongea na mama yake Tanga, sauti za juu, nikajua kuna shida ya ukoo, kumbe wanabishana kama Jinshi, yule msimamizi mzuri wa sura kwenye jumba la kina Maomao, kweli ni towashi au anaigiza tu. Wamebishana karibu saa nzima. Kwa vocha yangu.